Kabla hujasema "kushoto", sema kushoto kwa nani

Kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kuelekeza watu kwa simu, fundi yuko saiti mimi niko kwingine, na ninachokiona ni kwamba ubishi mwingi hautokani na vipimo, unatokana na maneno tunayotumia kusema kitu kiko wapi. "Weka kabati kushoto kwa mlango." Kushoto ukiwa unaingia au unatoka? Hapo wote wawili mko sahihi na kabati lina sehemu mbili za kukaa. Kwa hiyo taja kwanza umesimama wapi unaangalia wapi, ndo useme kushoto, kulia, mbele, nyuma. Hata neno sambamba peke yake halina maana, sema sambamba na ukuta upi.

Sasa kuna hili la wima na pembe mraba, watu wanayachanganya sana, hata wazoefu. Wima inaamuliwa na uzito: ning'iniza timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, uzi ukitulia hiyo ndo wima, hakuna mjadala. Mlalo, yaani kitu kulala sawa bila kuinama, muulize pima maji, kile kifaa chenye kiputo ndani ya maji. Lakini pembe mraba ni mistari miwili kukutana kwa nyuzi 90 tu, haijali ardhi iko upande gani. Chukua paa lililoinama, gonga msumari kwa pembe mraba na bati, msumari huo utakuwa umeinama, hauko wima hata kidogo. Ndo maana ukimwambia mtu "inyooshe" bado hujamwambia kitu, anyooshe iwe wima au iwe mraba na nini?

Kona kubwa usiiamini skweya ndogo, kile kifaa cha umbo la L cha kupimia pembe mraba. Toka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja weka alama, mita 4 upande wa pili weka alama, halafu vuta futi kamba toka alama hadi alama. Ikisoma mita 5 kona iko mraba, ikizidi imefunguka, ikipungua imebana. Ukiwa na nafasi fanya 6, 8 na 10, kosa dogo linaonekana vizuri zaidi.

Kwenye eneo wazi nje mimi naachana kabisa na kushoto kulia, natumia nyuzi za dira. Unaanzia kaskazini 000 unazunguka mwendo wa saa, mashariki 090, kusini 180, magharibi 270, na utamke tarakimu zote tatu, "sifuri nne tano", ili mtu wa upande wa pili ajue hakuna namba iliyomezwa na mtandao. Ukimwona mwenzako kwa 045 yeye anakuona kwa 225, yaani jumlisha 180, au kama namba yako ishafika 180 na zaidi basi toa 180. Ila usisome dira umeegemea gari jamani, chuma kinavuta sindano, sogea kwanza ndo usome.