Bati la geji 28 halitapoza chumba
Ndugu yangu wa Lindi, kung'oa bati la geji 30 uweke la 28, lililo nene zaidi, ili chumba kipoe ni kupoteza hela. Unene unaongezeka kama milimita 0.1 tu, na chuma hupitisha joto takriban wati 50 kwa mita kwa kila digrii. Pamba ya glasi, yaani nyuzi za kioo za kuzuia joto, hupitisha 0.04 tu. Sentimita 5 za pamba hiyo huzuia joto sawa na chuma chenye unene wa mita 60 hivi!

Itandike juu ya dari, usiache mianya. Usiikandamize, hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayozuia joto. Kwanza ziba matundu ya misumari kwenye bati: pamba ikilowa haifai, maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa.