Acha fidla kwanza, sikiliza besi

Dada, umeuliza kwa nini hatua za tango, ile dansi ya watu wawili, unazijua vizuri lakini muziki ukianza hujui ukanyage wapi, maana husikii ngoma. Ni kweli, okestra za tango za Buenos Aires kwa kawaida hazina ngoma. Mdundo hubebwa na piano, besi na bandoneoni, kile kinanda cha kuvuta na kubana kinachofanana na kodiani. Fidla ni tamu, lakini kwa sasa zitakupoteza. Fuata besi.

Anza na kiongozi wa okestra Juan D'Arienzo, hasa rekodi za kati ya mwisho wa 1935 na 1938, Rodolfo Biagi alipokuwa kwenye piano. Mdundo wake uko wazi mno. Tembea tu sebuleni, hatua moja kwa kila pigo, bila madoido. Kisha tega sikio pale okestra inapomaliza fungu la muziki: wote wananyamaza kidogo, na Biagi anapenyeza noti chache za juu, za haraka haraka, kabla wenzake hawajarudi. Hapo ndipo pazuri pa kusimama. Tafadhali usipajaze kwa miguu. Mwache mwenzako apumue.

Ukishazoea, nenda kwa kiongozi mwingine, Carlos Di Sarli. Kwake fidla huvuta mwendo mrefu, na hatua yako nayo irefuke. Wa tatu, Osvaldo Pugliese, msubirishe kidogo: kasi yake hupanda na kushuka, na anayeanza huishia kumkimbiza. Na chagua wimbo mmoja tu, ukae nao wiki nzima.