Usilipie hicho kichomeo: "gesi ni gesi" ni kauli ya kukulia hela

Mkuu, simama hapo hapo. Usitume hiyo hela.

Umesema shimo lako la moto huko Kigamboni lina upana wa sentimita 90, umelizungushia tofali za saruji, na umepata kichomeo cha duara cha stenlesi "kimetoka Marekani, bei ya kutupa". Unauliza uchukue duara au umbo la herufi H, upana gani, mtungi wa kilo 6 au 15, na vioo vya kupambia viwe vya rangi gani. Ukaweka na picha. Sasa ikuze hiyo picha uangalie ubavuni mwa bomba. Kuna herufi mbili zimegongwa pale: NG. Hicho ni kichomeo cha gesi asilia. Wewe utakiunganisha kwenye mtungi wa LPG, ile gesi ya jikoni. Umekwisha.

Muuzaji atakuambia "bosi, gesi ni gesi". Najua, kwa sababu niliambiwa maneno hayo hayo na nikayaamini, na leo nina duara la stenlesi linaloshikilia mpasheni bustanini. Mpasheni umestawi, sina malalamiko. Ila nadhani ni kichanja cha pasheni cha bei ghali kuliko vyote Dar es Salaam.

Tatizo letu hapa mjini ni kwamba neno "gesi" limebeba vitu viwili. Ile iliyoanza kufika Dar kwa bomba kutoka Songo Songo mwaka 2004, inayofua umeme na kuendesha bajaji zinazopanga foleni vituoni, ni gesi asilia, karibu yote ni methani. Iliyo kwenye mtungi wako wa jikoni ni LPG, mchanganyiko wa propani na butani. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kichomeo hutengenezwa kwa kimoja tu. Kama nyumba yako ni kati ya zile chache zilizovutiwa bomba, sawa, nunua cha NG na uachane na mimi. Kama unategemea mtungi, endelea kusoma.

Tofauti ya kwanza ni hewa. Lita 1 ya methani huhitaji kama lita 9.5 za hewa ili iungue yote. Propani hutaka kama lita 24, butani kama 31. Ndiyo maana duara la gesi asilia ni bomba tupu lenye matundu: gesi inatoka, inajipatia hewa huko juu, inaungua. Ukiipitisha LPG kwenye bomba hilo hilo, inatoka ikiwa na njaa ya hewa. Utapata moto wa njano mzito, mlegevu, unaotoa masizi kama kibatari. Masizi yatashika mawe, vioo, ukuta na nguo nyeupe za wageni. Na palipo na masizi ujue kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, ipo pia, kwa hiyo usinijie na "si iko nje bwana" halafu uiweke chini ya banda lililofungwa pande tatu.

Kichomeo cha LPG kina kipande kifupi kabla ya duara, chenye matundu ya hewa ubavuni. Mafundi wanakiita venchuri. Gesi ikitoka kwa kasi kwenye nozeli, yaani kile kitundu chembamba cha kupitishia gesi, inavuta hewa kupitia matundu hayo, zinachanganyika ndani ya bomba, ndipo zinafika kwenye moto. Kama hukioni hicho kipande, hicho si kichomeo cha mtungi, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Tofauti ya pili ni nozeli, na hapa ndipo fundi atakapokumaliza. Kwa moto wa BTU 60,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), unaolitosha shimo lako, nozeli ya LPG kwa presha ya nyumbani ya milibari 30 ina tundu la karibu milimita 2. Ya gesi asilia, kwa moto ule ule, ina karibu milimita 3. Milimita moja tu! Lakini LPG ina nguvu zaidi kwa kila lita na presha yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo ukiipitisha kwenye nozeli ya NG unapata moto unaozidi mara mbili ya uliokusudiwa. Pana gesi mara mbili na hewa hakuna. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Utakapolalamika, muuzaji atakuletea fundi, na fundi atakuja na suluhisho tatu. Zote nazijua kwa bei zake.

La kwanza: "tubadilishe nozeli tu". Moto utapungua, masizi yatapungua kidogo, lakini hewa bado haichanganywi. Umelipia nusu ya dawa.

La pili: "tuchomelee venchuri". Hili linasikika la kitaalamu, na ndilo lililonila zaidi. Duara la NG lina matundu mengi au makubwa mno kwa mchanganyiko ulioingizwa hewa. Kasi ya mchanganyiko kwenye kila tundu inashuka, na ikishuka chini ya kasi ya moto wenyewe, moto unarudi ndani ya bomba. Utasikia "bup!", kisha mvumo kama wa jiko la mchina, na bomba linapata moto karibu na nozeli. Ukisikia hivyo funga koki hapo hapo. Kadiri unavyofungua gesi kidogo, ndivyo moto unavyorudi ndani kwa urahisi zaidi, yaani ule moto mdogo wa kimahaba uliomwahidi mkeo ndio hautawezekana.

La tatu ni baya kuliko yote: regulata ya presha kubwa, ile yenye kishikio cha kuzungusha, wanayotumia mama lishe kwenye majiko ya chuma. Fundi anazungusha, moto unapaa, unanguruma, kila mtu anapiga makofi. Lakini moto umeachana na matundu, unaelea juu yake. Upepo wa kusi ukipiga, unazimika. Gesi haizimiki.

Na hapo ndipo nakuomba usome pole pole. LPG ni nzito kuliko hewa: propani karibu mara moja na nusu, butani mara mbili. Haipai, inatuama kama maji. Shimo lako la upana wa sentimita 90, tukisema kina ni 40, lina ujazo wa kama lita 250. LPG huanza kulipuka ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, yaani lita 5. Hizo ni kama gramu 11 za gesi. Kichomeo cha BTU 60,000 kinatoa zaidi ya gramu 20 kwa dakika. Kwa hiyo nusu dakika ya gesi wazi bila moto inatosha kulijaza shimo lako, halafu anatokea shemeji mwenye kiberiti na nia njema.

Kwa sababu hiyo, tofali zako za saruji lazima ziwe na matundu, na yawe chini kabisa, sakafu ya tundu sawa na ardhi. Mawili kwa uchache, yakitazamana, jumla yake isipungue sentimita za mraba 230. Ukiacha nafasi ya sentimita 15 kwa 10 kila upande umevuka hapo. Matundu ya juu ni urembo tu, gesi hii haitoki kwa juu. Yale ya chini yazibe kwa wavu wa matundu mapana kuzuia panya, na kila baada ya wiki kadhaa bila kuwasha, chungulia venchuri: buibui hupenda kutanda humo, na nyigu wa udongo hujenga. Venchuri ikizibwa unarudi kwenye kibatari. Kazi ya pili ya matundu hayo ni kuipa venchuri hewa safi na baridi. Usiifukie kwa mawe wala usiizibe kwa saruji ili "ipendeze". Na usifukie duara la LPG kwenye mchanga. Moto unaochomoza mchangani unaouona kwenye video si wa kuiga kwa mtungi.

Kuhusu mtungi. Kilo 1 ya LPG ni kama BTU 47,000. Kichomeo cha 60,000 kinakula kilo 1.3 kwa saa: mtungi wa kilo 15 ni saa 11 hadi 12 za moto mkubwa. Wa kilo 6 usiufikirie, na sababu si kwisha haraka. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili iwe mvuke lazima ivute joto kupitia ukuta wa chuma. Mtungi mdogo una ukuta mdogo. Utaona unatoa jasho, unakuwa baridi kama chupa ya soda, moto unanywea wakati gesi bado imo. Kisha mtu atakushauri uulaze. Usiulaze kamwe! Ukilala, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye mpira, na lita moja yake ikigeuka mvuke ni zaidi ya lita 200. Hata wa kilo 15 unaanza kuchoka ukikaribia kwisha. Wanaotaka moto wa usiku kucha wanaunganisha miwili au wanachukua wa kilo 38.

Tazama pia mgongo wa regulata yako. Imeandikwa kilo kwa saa, mara nyingi 1 au 1.5. Ikiwa ni 1, haitalisha kichomeo cha 1.3, na hakuna fundi wa kuibembeleza. Ndiyo maana nasema usinunue cha BTU 100,000 ati kwa kuwa ni kikubwa: kinataka kilo 2.1 kwa saa, regulata ya jikoni haifiki huko, utabaki na moto wa huzuni kwenye chombo cha fahari.

Chuma nacho. Hapo ulipo ni pwani, chumvi inatembea hewani. Stenlesi ya 304 inavumilia ukiifunika na kuifuta, 316 inavumilia zaidi kwa sababu ina molibdenamu. 201 inang'aa dukani na kushika kutu kabla ya masika ya pili, na sumaku haitakusaidia kuwatofautisha kwa uhakika, kwa hiyo dai namba iliyogongwa au karatasi. Na kama fundi wa mtaa wa Gerezani hapa Dar atakuambia akutobolee bomba la maji la GI kwa bei nafuu, mshukuru uondoke. Ile ngozi ya zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420, na kwenye moto mkali zaidi inatoa moshi unaoleta homa. Isitoshe matundu ya drili ya mkono hayalingani, upande mmoja utawaka kama mkaa wa kuvuvia, mwingine kama tochi.

Mawe: usiokote ya ufukweni wala ya matumbawe. Yanashika maji ndani, yakipata joto mvuke unayapasua, na kipande hakichagui jicho la nani. Chukua yale mepesi ya volkano yenye vitundu, yanayoletwa kutoka upande wa Arusha na Kilimanjaro, na uyapange kwa kuachia nafasi.

Sasa fanya hivi kabla hujalipa chochote. Anza na mtungi: andika aina ya gesi, presha na kilo kwa saa za regulata. Kisha tafuta kichomeo kilichoandikwa LPG au LP, chenye venchuri yake kutoka kiwandani, milibari 28 hadi 30, BTU 60,000 au chini ya hapo. Kiwe na koki yenye kihisi cha moto, ile inayojifunga yenyewe moto ukizimika. Muuzaji akisema "hiyo ya nini, unakata tu mwenyewe", muulize usiku wa upepo utajuaje umezimika wakati uko ndani unatafuta nyama choma. Mtungi ukae mbali na shimo, wima, nje ya njia ya watu. Kwenye maungio tumia tepu ya njano ya gesi, si ile nyeupe nyembamba ya bomba la maji. Paka povu la sabuni kila ungio ukiwa umefungua gesi na hujawasha, uangalie kama linavimba. Na tafadhali, isiwe chini ya makuti. Najua makuti yanapendeza.

Piga picha ya kibandiko chote cha kichomeo cha huyo muuzaji wako, upande wa nozeli pia, na mgongo wa regulata, uweke hapa. Akikataa kukiondoa kwenye boksi ili upige picha, jibu umeshalipata. Na kama tayari umelipa, nijulishe: nina mbegu za pasheni.