Sanaa au usanii?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi napiga kinanda kwaya moja hapa Mbagala, Dar es Salaam. Kaka yangu anayeishi Ujerumani kanitumia video. Mpiga piano kavaa suti, kakaa, kafunika piano, kaangalia saa, kafunua, kafunika tena. Mwishoni watu wanampigia makofi, na hajabonyeza hata mara moja! Kaka anasema hicho ni kipande maarufu cha Mmarekani John Cage, cha dakika 4 na sekunde 33. Mimi nahangaika na vidole vyangu mwaka wa tatu huu na mwalimu wa kwaya bado ananifokea. Nikimwambia Jumapili napiga Cage, si nitafukuzwa? Niambie bila kunificha, hiyo ni sanaa au usanii?
*Mpiga kinanda, Mbagala*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kufukuzwa utafukuzwa, na mimi nitakuwa upande wa mwalimu wako, maana watu wamekuja kuimba. Ila hilo neno "usanii" umeliweka pazuri. Msanii ni mchongaji, mpiga zeze, mwigizaji. Lakini siku hizi fundi akila hela ya vifaa na kuzima simu tunasema kaleta usanii. Mwenye ufundi na tapeli tumewapa jina moja, na mtu anayefunika piano akapigiwa makofi lazima aulizwe yeye ni yupi kati yao.

Kipande hicho kilisikika mara ya kwanza tarehe 29 Agosti 1952, katika ukumbi wa Maverick, nje kidogo ya Woodstock, jimbo la New York. Ni ukumbi wa mbao uliojengwa msituni. Aliyekaa kwenye piano ni David Tudor, na usimdhanie mvivu, kwani huyo alikuwa akipiga vipande ambavyo wapiga piano wengi walivikimbia. Aliweka karatasi mbele yake, akashika saa, akafunika. Sehemu ya kwanza sekunde 30, ya pili dakika 2 na sekunde 23, ya tatu dakika 1 na sekunde 40. Jumlisha mwenyewe. Kila sehemu ikiisha alifunua, inayofuata ikianza alifunika. Cage alikuja kusimulia kwamba katika sehemu ya kwanza ulisikika upepo huko nje, ya pili matone ya mvua juu ya paa, na ya tatu watu wenyewe, wengine wakinong'ona, wengine wakitoka. Walikasirika haswa.

Unataka kujua ufundi uko wapi. Wazo la kipande cha ukimya Cage alilitaja tangu 1948, alipotoa mhadhara katika chuo cha Vassar, kwa hiyo alikaa nalo miaka minne. Katikati ya hapo aliingia chumba fulani cha Chuo Kikuu cha Harvard, kilichotengenezwa kisirudishe mwangwi hata kidogo. Alidhani humo hatasikia kitu. Akasikia sauti mbili, moja nyembamba, moja nzito. Akaambiwa nyembamba ni mishipa ya fahamu ikifanya kazi, nzito ni damu inayozunguka mwilini. (La damu sawa. La mishipa ya fahamu mimi sijaliamini mpaka leo.) Kisha rafiki yake, mchoraji Robert Rauschenberg, mwaka 1951 akatengeneza turubai nyeupe tupu, na Cage akaona kwamba asipofanya haraka muziki utaachwa nyuma na uchoraji. Hata zile dakika hakuzikisia. Alichanganya karata, akaunganisha vipande vifupi vifupi vya ukimya, kimoja baada ya kingine, mpaka vikafika urefu ule. Unaweza kumcheka, lakini kazi aliifanya.

Nikupe na langu. Ujanani nilipiga tarumbeta katika bendi ya dansi Morogoro. Tulikuwa na wimbo mmoja ambao tarumbeta zote zinanyamaza hesabu nane, linabaki gitaa la besi na tumba. Usiku mmoja, ukumbi umejaa, nikaingia kwenye hesabu ya sita. Mimi peke yangu! Kiongozi wa bendi hakugeuka hata kunitazama. Wakati wa kugawana hela akanikata posho ya usiku ule yote, akasema, "Nimekulipa unyamaze, hukunyamaza." Tangu siku hiyo mtu akiniambia kunyamaza si kupiga muziki, nakumbuka nilivyorudi nyumbani kwa miguu.

Nilipokuwa mwalimu nilikijaribu kipande cha Cage kwa kidato cha pili. Niliweka saa mezani, nikafunga daftari, nikakaa. Dakika ya kwanza ilikuwa ya vicheko na kusukumana viwiko. Kisha mabati yakaanza kulia kwa jua, tik, tik. Pikipiki ikapanda mlima ikibadilisha gia. Mama ntilie wa nje ya uzio akakwangua sufuria. Tumbo la mtu likanguruma na safari hii hakuna aliyecheka. Muda ulipoisha binti mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, kumbe hii shule ina kelele hivi." Wiki iliyofuata nikarudia, darasa lile lile. Wapi! Walikaa wakingoja tumbo lingurume. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ile ni sanaa, tena ya kweli, ila ni kama kitendawili: ukishajua jibu, kukitega tena kwa mtu yule yule ni kumpotezea muda. Wanaokirudia kila mwaka mbele ya wasikilizaji walewale, mimi siwalipii kiingilio.

Ingawa kuna mara moja ningelipa. Januari 2004 okestra nzima ya BBC ilikipiga London, na kikarushwa redioni. Redio ile ina mtambo wa dharura unaoingia wenyewe ukisikia kimya kimezidi, kwa kudhani matangazo yamekatika. Mafundi walilazimika kuuzima kwanza. Kiongozi wa okestra, sehemu ya kwanza ilipoisha, alitoa leso akajifuta jasho.

Sasa usanii nao upo. Mwaka 2014 bendi ya Marekani iitwayo Vulfpeck iliweka Spotify albamu ya nyimbo kumi zisizo na sauti yoyote, kila moja ikizidi kidogo tu sekunde 30, kwa sababu huko wimbo unahesabiwa malipo ukishapita sekunde 30. Wakawaomba mashabiki waiache ikijirudia usiku wakiwa wamelala. Walikusanya takriban dola 20,000 kabla haijaondolewa. Nilicheka, na hela walisema ni ya ziara ambayo watu wataingia bure, kwa hiyo siwalaumu. Lakini albamu yenyewe ilitengenezwa isisikilizwe na mtu aliye macho. Cage alitaka watu wakae macho wasikilize.

Tukirudi Mbagala, nakujua wewe na wenzako. Mnawasha biti ya mashine mwanzo wa wimbo, inatwanga mpaka "Amina", hata pale mtunzi alipoandika pumziko. Jumapili hii izime. Kwenye pumziko inua vidole kabisa, hesabu, usiingie kwenye sita.

Na kaka yako, kwa kuwa yuko Ujerumani, mwambie aende Halberstadt, kanisa la zamani la Mtakatifu Burchardi. Kuna kinanda cha mabomba kinachopiga kipande kingine cha Cage. Kilianza tarehe 5 Septemba 2001, na kwa kuwa mwanzoni pameandikwa pumziko, miezi 17 ya kwanza kilitoa upepo tu. Sauti ya kwanza ilitoka Februari 2003. Kimepangwa kumalizika mwaka 2640, na sauti moja huweza kulia miaka kadhaa kabla ya kupisha nyingine. Akurekodie inayolia sasa. Asiwe na haraka, haitabadilika kabla hajafika.