Rust kwa ada za shule? Mkuu, subiri kwanza

Mkuu, hiyo lugha ya programu, Rust, iweke chini kwanza. Nimesoma bandiko lako mpaka masikio yakapata moto: shule binafsi ya Morogoro imekupa kazi ya mfumo wa ada, lugha ya PHP unaijua kiasi chake, halafu rafiki yako kakujaza uandike kwa Rust kwa sababu "ina spidi". Umeuliza pia uchukue databesi ipi, na kama laptopu yenye RAM ya GB 4 itatosha. Hayo mawili siku nyingine.

Mwaka 2021 mimi nilikuwa wewe. SACCOS moja ya wafanyabiashara wa sokoni hapa Mwanza walitaka mfumo wa mikopo na marejesho, sh. milioni 3.5, wakatanguliza 1.5. PHP nilikuwa nayo miaka minne, kazi ile ningeifanya huku nasinzia. Sasa kwenye grupu letu kulikuwa na jamaa, tumwite Profesa. Kila ukitaja PHP anakuja mbio: "Hiyo maiti bado hamjaizika?" Akanipigia debe la lugha ya Elixir wiki nzima. Inakimbia juu ya mashine ya Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kwa ajili ya mitambo ya simu, na WhatsApp yenyewe imejengwa kwa Erlang. Yote kweli, sibishi. Ila hakuniuliza SACCOS yangu ina watu wangapi. 214. Wanaoingia kwenye mfumo kwa wakati mmoja: katibu, mhasibu, na mimi ninayechungulia kama bado unapumua.

Nikaandika kwa Elixir. Tabu ya kwanza, wateja walishalipia hostingi (nafasi ya kuwekea mfumo mtandaoni) ya mwaka mzima, ile ya kushea na wengine, inayokubali PHP na databesi ya MySQL basi. Ikabidi nikodi seva pembeni, kwa dola, kila mwezi, mfukoni mwangu. Hiyo nikaimeza.

Iliyoniua ni mwisho wa mwezi wa tatu wa mfumo kufanya kazi. Nimelazwa, taifodi, dripu mkononi, simu inaita. Katibu: "Fundi, mfumo unaandika 500, tukulipe kwa M-Pesa?" 500 ni namba ya seva kusema imekwama; mama wa watu alidhani nadai shilingi mia tano! Ukurasa wa kufunga mwezi ulikuwa umekufa, na bila kufunga mwezi hakuna mkopo mpya unaotoka. Watu wamepanga foleni nje.

Nikawapigia madeva (waandika programu) watatu ninaowaamini. Wawili wa PHP, mmoja wa Python, vijana wakali kweli. Nikawapa kodi, yaani maandishi ya programu (siyo ile ya TRA). Mmoja akanirudia baada ya saa moja: "Kaka, hivi vimshale |> ni vya nini?" Nikajua nimekwisha. Profesa naye nilimpigia mara tisa. Akajibu kesho yake kwa meseji: "Soma nyaraka zake, ziko vizuri sana."

Nimetoka hospitali siku ya sita, nimekaa, nimelipata kosa ndani ya dakika ishirini. Faini ya kuchelewesha rejesho. Miezi miwili ya kwanza hakuna aliyechelewa, faini ilikuwa sifuri ya kawaida na kila kitu kinapita. Alipochelewa mtu wa kwanza, faini ikaja kama Decimal (aina ya namba ya desimali ambayo Elixir haiijumlishi kwa + ya kawaida), nami nilikuwa nimeijumlisha kwa alama ya + badala ya Decimal.add. Mstari mmoja! Lakini katibu alisharudi kwenye daftari lake la kaunta, na mwenyekiti akaniambia milioni mbili zilizobaki niziombe kwa Profesa. Ili kusafisha jina nikauandika upya wote kwa Laravel, kiunzi cha PHP, wiki saba, bila hata ya soda.

Elixir haina kosa hapa. Kosa ni langu, na la Profesa, ambaye mpaka leo sijaona mfumo wake hata mmoja ulio kwa mteja. Siku moja nikafungua tovuti yake binafsi. WordPress. Yaani PHP. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama taifodi imerudi.

Tangu hapo, kabla sijaandika mstari wa kwanza, naandika kwenye karatasi jina la mtu wa pili. Mtu wa mji huuhuu, anayeweza kufungua kodi yangu leo na kuirekebisha leo mimi nikiwa kitandani. Jina likikosekana, lugha hiyo naichezea wikiendi, kwa mteja haiendi. Ukimpata wa Python, chukua Django, kiunzi chake. Ukimpata wa PHP, chukua Laravel. Wakiwepo wote, chagua unayoijua wewe.

Spidi? Mhasibu wa shule atakuwa anangoja mtandao wa simu ushike, hangoji lugha yako. Facebook ilizaliwa kwa PHP mwaka 2004 na Wikipedia inaendeshwa kwa PHP mpaka kesho, sembuse darasa la saba B.

Kwa hiyo nijibu hapahapa kabla hujapokea hela ya watu: Morogoro nzima, nani mwingine unamjua anaandika Rust? Kama yupo, sema "yupo" tu, namba yake usiimwage hadharani.