Kabla hujaigusa Chaconne kwenye piano

Wengi wetu tuliofika kwenye piano tukitokea kinanda cha kanisani tuna ugonjwa mmoja: tukiona nafasi tupu, tunaijaza. Kwenye tenzi hilo linasaidia. Kwa muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, uliohamishiwa kwenye piano linaharibu, na mimi lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Kipande chenyewe kilikuwa Chaconne, sehemu ya mwisho ya Partita (mfululizo wa vipande) ya pili ya fidla pekee, ambayo hati ya Bach ni ya 1720. Nilichukua toleo la piano la Ferruccio Busoni, mtunzi na mpiga piano wa Italia, nikakanyaga pedali, nikazipiga kodi (nota kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu za bega. Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Fidla ina nyuzi ngapi?" Nne. Na upinde hauwezi kuzishikilia zote nne kwa pamoja: mpigaji hugusa mbili za chini, halafu huvuka kwenda za juu. Kwa hiyo kodi ile ya kwanza, kwenye fidla, ina safari ndani yake. Mimi nilikuwa naigonga kama mlango.

Basi usianze na nota za piano. Sikiliza kwanza chombo ambacho muziki uliandikiwa, ujue kinashindwa wapi. Fidla haishikilii kodi. Ogani, kinanda kikubwa cha mabomba, haikazii nota kwa uzito wa kidole. Na piano ina kasoro yake: nota ikishapigwa, inaanza kufa papo hapo. Anayehamisha muziki anapambana na kasoro hizo kila ukurasa.

Tazama Chaconne hiyohiyo mikononi mwa watu wawili. Mwaka 1877 mtunzi Mjerumani Brahms aliiandika kwa mkono wa kushoto pekee, akaishusha oktava moja (nota zilezile, ngazi nane chini) na kubadilisha machache sana. Alimpelekea rafiki yake mpiga piano, Clara Schumann, akimweleza kwamba ni kwa njia hiyo tu anauonja ugumu wa mpiga fidla. Sadfa ya ajabu: Clara alikuwa ametoka kuumia mkono wa kulia, eti kwa kufungua droo tu! Busoni, mwanzoni mwa miaka ya 1890, alishika njia nyingine kabisa. Alimwaga oktava nzito kana kwamba yuko kwenye ogani, na muziki unapogeukia D meja akaandika "quasi tromboni", yaani upige kama matromboni, tarumbeta kubwa za sauti nzito. Brahms anataka uhangaike, Busoni anataka ujenge jumba. Ukimpiga Brahms kwa moyo wa Busoni, mkono mmoja ukitafuta ukubwa wa ogani, utapata kelele na maumivu ya kiganja. Kiganja kikiuma, funga piano, ukanywe chai.

Kwa toleo la Busoni, tafuta rekodi ya mpiga piano Arturo Benedetti Michelangeli ya London, 1948. Sauti ni nzito lakini husikii matope.

Ila Chaconne si ya kuanzia. Anza na Adagio (sehemu ya mwendo wa polepole) ya BWV 974, namba yake katika orodha ya kazi za Bach, ambayo Bach mwenyewe aliihamisha kutoka kazi ya obo (ala ya kupuliza) na okestra ya mtunzi Alessandro Marcello, akaiweka kwenye hapsikodi, kinanda cha kabla ya piano. (Wanaokuambia kuhamisha ni kumkosea Bach, waonyeshe hiyo.) Obo ni pumzi ya mtu. Usipoacha mahali pa kuvuta hewa, mapambo yote ya mkono wa kulia yanageuka mazoezi ya vidole.

Kisha nenda kwa mpiga piano Myra Hess na kipande alichokihamisha, "Jesu, Joy of Man's Desiring", kutoka Kantata ya 147 ya Bach, kazi ya kwaya na vyombo. Hapa sisi wa kwaya tuna faida, lakini ndipo tunapojikwaa. Zile nota zinazotiririka tatutatu ni za vyombo. Kwaya inaingia baadaye kwa nota ndefu. Kwa kuwa mtiririko haukomi, wanafunzi huupiga kwa sauti ileile mwanzo hadi mwisho, na kwaya inazama. Unajua kinachotokea kanisani mpiga kinanda asipopunguza waimbaji wanapoanza: mwalimu wa kwaya anamkata jicho. Jikate jicho mwenyewe. Weka alama ya penseli kila kwaya inapoingia, imba mstari wake kwa mdomo huku vidole vikipiga mtiririko na kwaya pamoja. Ukiishiwa pumzi kabla mstari haujaisha, ongeza mwendo kidogo.