Jibu: Abiria akilewa na kuleta fujo melini

Dada, umeuliza kama abiria akilewa kwenye meli ya kitalii, apande reli (vizuizi vya ukingoni mwa meli) au ampige mhudumu, ataishia kukaripiwa tu. La. Nahodha anaweza kuamuru afungiwe chumbani, mlinzi mlangoni; meli nyingi kubwa zina hata chumba cha mahabusu. Bandari inayofuata anateremshwa na mizigo yake, nauli harudishiwi, ndege ya kurudi kwao anajilipia. Kampuni nyingi hazimpokei tena.

Kesi ndiyo ina utata. Kwenye bahari kuu, meli hutawaliwa na sheria za nchi iliyoisajili, mara nyingi Bahamas au Panama. Bandarini, polisi wa hapo wana nguvu. Mmarekani akihusika, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanaweza kuingia. Sheria ya Marekani ya 2010 ilitaka reli ziwe na kimo cha angalau inchi 42, kwa hiyo anayepanda juu yake anajitafutia kifo, na anawahatarisha mabaharia watakaomtafuta usiku.

Hapa Kisumu, mlevi akisimama ghafla kwenye boti pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wote mnaweza kuzama. Asipakiwe kabisa!

Mdogo wako anayekwenda kuhudumu kwenye meli ya kitalii akipigwa, aripoti kwa walinzi wa meli siku hiyo hiyo, kwa maandishi, abaki na nakala. Video za kamera aombe zihifadhiwe mapema.